SOMO LA LUGHA: Kumfundisha Mtoto Maneno ya "Mimi" na "Sisi" katika Kiingereza



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, usalama kazini na haki za mfanyakazi. Mara hii tunaleta somo la lugha. Huenda ndugu mmoja akauliza, chama cha wafanyakazi na sarufi ya Kiingereza wapi na wapi? Tunamwomba avumilie asome mpaka mwisho. Atakuta kwamba maneno madogo tutakayoyaeleza hapa yanamhusu mtoto wake darasani, na yanamhusu yeye mwenyewe siku anapowekewa karatasi mbele yake atie saini.

Maneno yenyewe ni kumi. Ya mtu mmoja ni "I", "me", "my", "mine" na "myself". Ya watu wengi ni "we", "us", "our", "ours" na "ourselves". Mtoto huyakuta tangu siku ya kwanza ya Kiingereza, na wapo wanaomaliza shule ya msingi bado wanayachanganya.

Kwa nini jambo hili lituhusu

Hapa Uganda, kwa mpango wa masomo ulioanza mwaka 2007, mtoto hufundishwa kwa lugha ya mahali pake katika madarasa matatu ya kwanza. Kuanzia darasa la nne masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mahali penye mchanganyiko wa lugha, hasa mijini, Kiingereza hutumika tangu darasa la kwanza. Kambi nyingi za miwa na chai zina mchanganyiko wa namna hiyo. Mlango huu Mlugbara, wa pili Msoga, wa tatu Mnyarwanda, na wote hukutana bombani na kuzungumza Kiswahili. Mwisho wa darasa la saba mtoto hukaa mtihani wa masomo manne, yaani Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii, na yote huulizwa kwa Kiingereza. Wenzetu wa Rwanda nao waliamua mwaka 2008 kwamba masomo shuleni yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa.

Mtoto wa karani mkubwa husikia Kiingereza nyumbani. Mtoto wa mkata miwa hukisikia darasani tu, kwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi. Kwa hiyo wazazi wengi hukata tamaa, wakisema, "Sisi hatukusoma, tutamsaidiaje?" Tunataka kuonyesha kwamba katika jambo hili la "I" na "me", mzazi ajuaye Kiswahili ana kipimo mdomoni mwake tayari. Hana haja ya kukijua Kiingereza chote ili amsaidie mtoto.

Neno linalohama

Tuanze na watoto wadogo, kwa kuwa shida ya kwanza haitokani na Kiingereza. Neno "Musa" humhusu Musa daima, awe anasemwa na mama, baba au jirani. Neno "mimi" haliko hivyo. Mama akisema "mimi", ni mama. Musa akisema "mimi", ni Musa. Neno linahama kutoka mdomo hadi mdomo, na kila anayesema hulichukua liwe lake.

Ndiyo sababu mtoto wa miaka miwili mara nyingi hujiita kwa jina lake, "Musa anataka maji." Wengine hugeuza kabisa, wakisikia mama anawaita "wewe", nao hudhani "wewe" ni jina lao. Hata watoto wa Uingereza, ambao Kiingereza ni lugha ya mama yao, katika umri huo husikika wakisema "me want" mahali pa "I want". Wao hujisahihisha wenyewe wakikua kidogo. Basi mtoto wetu anayekutana na Kiingereza akiwa na miaka sita au kumi, na akakosea vivyo hivyo, asipigwe wala asichekwe.

Hapa pana mtego kwa mzazi pia. Mama akimwambia mtoto "this is your cup" na kumtaka arudie, mtoto atarudia "this is your cup", naye amekosea, maana kikombe ni chake. Afadhali wakubwa wawili wazungumze mbele yake. Dada anasema "this is my cup", kaka anajibu "and this is my cup", na kila mmoja anagusa kifua chake anaposema "my". Mtoto akitazama wengine wakisemeshana, huona upesi kwamba neno linamfuata msemaji.

Vilevile katika kumsahihisha. Mtoto akisema "me want water", mama akijibu "I want water" tu, mtoto aweza kudhani kwamba mama ndiye mwenye kiu. Mama aseme kwanza, "Yes, you want water." Kisha amwambie, "Sema wewe mwenyewe: I want water."

Tafuta "ni" imekaa wapi

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Kiswahili kina neno moja, "mimi", lisilobadilika. Kiingereza kina mawili, "I" na "me". Mtoto huuliza atatumia lipi. Walimu wengi hujibu kwamba "I" ni mtenda na "me" ni mtendwa. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi, kama tutakavyoona.

Ukitazama kitenzi cha Kiswahili utaona kwamba nasi tunatofautisha. Tazama maneno haya mawili:

Nilimwona. — I saw him.
Aliniona. — He saw me.

Katika neno la kwanza silabi "ni" imekuja kabla ya "li", ambayo ni alama ya wakati uliopita. Katika neno la pili "ni" imekuja baada ya "li". Hiki ndicho kipimo. "Ni" ikitangulia alama ya wakati, Kiingereza chake ni "I". "Ni" ikifuata alama ya wakati, Kiingereza chake ni "me". Jaribu na wakati mwingine:

Ninampenda. — I love her.
Ananipenda. — She loves me.
Nitamwita. — I will call him.
Ataniita. — He will call me.

Alama nyingine ya wakati katika Kiswahili ni "me", kama katika "nimekula". Mwambie mtoto mapema kwamba hiyo ni "me" ya Kiswahili, haina udugu wowote na "me" ya Kiingereza. "Nimemwona" ni "I have seen him", na "ameniona" ni "he has seen me". Kipimo hakibadiliki.

Tulisema kwamba jibu la mtenda na mtendwa halitoshi. Sikiliza neno "nilipigwa". Aliyesema neno hili hakutenda lolote, yeye ndiye aliyepata fimbo. Mtoto aliyefundishwa kwamba mtendwa ni "me" ataandika "me was beaten", na hilo ni kosa. Kiingereza chake ni "I was beaten". Ukitumia kipimo cha "ni" hupotei, kwa kuwa katika "nilipigwa" silabi "ni" imetangulia "li". Ndivyo ilivyo pia kwa "nilifukuzwa" na "nitalipwa": "I was dismissed", "I will be paid".

Mambo manne madogo yakumbukwe juu ya kipimo hiki.

Kwanza, katika kukanusha, "si" huchukua mahali pa "ni" ya mbele. Kwa hiyo "sijui" ni "I do not know", na "sikumwona" ni "I did not see him". Lakini "hakuniona" ina "ni" iliyofuata "ku", basi ni "he did not see me".

Pili, tunaposema haraka "naenda", tumemeza "ni" ya "ninaenda". Bado ni "I".

Tatu, pana "ni" nyingine isiyo ya mtu, kama katika "mimi ni mwanafunzi" au "Musa ni mwanafunzi". Hiyo husimama peke yake na kuunganisha, na haihesabiwi katika kipimo. "Mimi ni mwanafunzi" ni "I am a pupil".

Nne, katika amri na maombi hakuna alama ya wakati, basi kipimo hakina pa kushika. "Nisaidie!" aliyoitoa mtu aliyeanguka mferejini ni "Help me!" Lakini mtoto anayemkuta mama amebeba ndoo mbili, akauliza, "Nisaidie?", yeye anasema, "Should I help?" Hapo uliza, nani atafanya kazi yenyewe? Nikifanya mimi ni "I". Nikifanyiwa ni "me".

Makosa yanayosikika kila siku

La kwanza ni "Me I". Tunasema, "Mimi sijui," na Waganda husema, "Nze simanyi." Katika lugha zetu "mimi" na "nze" huwekwa mbele kutia nguvu, ingawa kitenzi kimekwisha kumtaja msemaji ndani yake. Mtoto hutafsiri vyote viwili, akatoa "Me I don't know." Sokoni watu wataelewana naye vizuri. Katika karatasi ya mtihani atapoteza alama. Mwambie kwamba Kiingereza huweka mmoja tu mlangoni, naye ni "I". Akitaka nguvu, ainue sauti.

La pili ni kinyume chake, yaani kumpoteza msemaji kabisa. Watoto wengi, na hata watu wazima katika barua zao, huandika "Am coming" au "Am sick". Sababu ni mbili. Kitenzi chetu hubeba mtu ndani yake, kwa hiyo "ninakuja" ni neno moja. Tena "I'm" ikitamkwa upesi husikika kama "am". Lakini "am" peke yake haina mtu. Aandike "I am coming", au "I'm coming" pamoja na ile alama yake ya juu.

La tatu ni herufi. "I" huandikwa kwa herufi kubwa popote ilipo, mwanzoni au katikati ya sentensi. "Me", "my" na "we" hazina desturi hiyo. Hii ni kanuni ya kukariri tu.

La nne ndilo linalowashinda hata waliosoma sana, nalo ni msemaji anapotajwa pamoja na mwenzake. Mtoto huandika, "Me and Musa went to the river." Mwalimu humkemea, "Sema: Musa and I!" Toka siku hiyo mtoto, kwa hofu, huandika "Musa and I" kila mahali, hata pasipostahili, kama "The teacher called Musa and I." Wenye lugha yao wenyewe hukosea hapa.

Dawa yake haihitaji kitabu. Mwambie mtoto amfunike Musa kwa kidole, kisha asome tena. "Me went to the river" haisomeki, basi ni "I": "Musa and I went to the river." "The teacher called I" nayo haisomeki, basi ni "me": "The teacher called Musa and me." Kwa Kiswahili ni vivyo hivyo. "Mwalimu alituita mimi na Musa," ukimwondoa Musa, hubaki "Mwalimu aliniita", na "ni" imefuata "li".

Juu ya utaratibu wa majina, sisi husema "mimi na ndugu yangu" bila kumkosea mtu. Desturi ya Kiingereza ni kumtanguliza mwenzako na kujiweka mwisho: "my brother and I".

La tano ni baada ya maneno kama "with", "to", "for", "from" na "between". Baada ya haya ni "me" siku zote: "come with me", "give it to me", "between you and me". Mtoto wetu hutegwa hapa kwa kuwa Kiswahili husema "kwa ajili yangu" na "kutoka kwangu", naye akatafsiri "yangu" kwa "my" na kuandika "for my". Sahihi ni "for me" na "from me".

Mwisho, mtu akibisha hodi na kuulizwa, "Nani?", hujibu, "Ni mimi." Kiingereza cha kila siku ni "It's me." Vitabu vya zamani vya sarufi hutaka "It is I". Mtoto asiogope kusema la kwanza, na mwalimu wake akitaka la pili, ampe.

"My" na "mine"

Katika Kiswahili neno la kumiliki hubadilika kwa kufuata kitu: kitabu changu, jembe langu, nguo zangu, viatu vyangu, mtoto wangu. Kiingereza hakina habari hiyo. Vyote ni "my": "my book", "my hoe", "my clothes", "my shoes", "my child". Hapa mtoto amepunguziwa mzigo.

Mzigo huja upande mwingine. Sisi husema "jembe langu" na "jembe hili ni langu" kwa neno lile lile. Kiingereza hugawa. Kitu kikitajwa baada yake ni "my": "this is my hoe". Kitu kisipotajwa baada yake ni "mine": "this hoe is mine". Mtoto asiandike "this hoe is my", wala "mine hoe". "Our" na "ours" hufuata njia hiyo hiyo.

"Myself" ina mahali pake

Kiswahili kina silabi "ji" ya mtu kujitendea mwenyewe. "Nilijikata" ni "I cut myself". "Tulijitetea" ni "we defended ourselves". Penye "ji", tafuta "myself" au "ourselves". Hutumika pia kutia nguvu, kama "mimi mwenyewe nililiona": "I saw it myself".

Wako watu wanaodhani "myself" ni neno la heshima kuliko "me", wakaandika "please reply to myself". Hiyo si heshima wala si Kiingereza safi. "Please reply to me" yatosha.

"We" na "us", na karatasi za kazi

Kipimo cha "ni" chafaa pia kwa "tu". "Tuliwaita" ni "we called them", na "walituita" ni "they called us". Mtoto aliyeshika moja ameshika zote.

Na hapa, ndugu, somo latoka kwa mtoto likaja kwetu. Tuseme mfanyakazi ameumia kwenye mashine, naye anatoa maelezo kwa Kiswahili huku karani akiyaandika kwa Kiingereza. Mfanyakazi asema, "Msimamizi aliniambia niendelee." Kiingereza chake ni "The supervisor told me to continue." Karani kwa haraka akaandika "I told the supervisor to continue." Ni maneno machache yamebadilishana nafasi, lakini aliyeamuru amekuwa aliyeamriwa, na lawama imehamia kwa aliyeumia. Maelezo hayo ndiyo yatakayosomwa fidia ikijadiliwa. Mfanyakazi ajuaye tofauti ya "I told" na "told me", au mwenye mtoto ajuaye, ataiona kabla ya kutia saini.

Tazama pia mkataba wa kazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti yake ya kazi kwa maandishi. Karatasi za namna hii mara nyingi huwa na mstari chini kama "I have read and understood". Ni nani huyo "I"? Hakuandika wewe, lakini mara unapotia saini, "I" huyo ni wewe. Ni lile neno linalohama tulilolisema kwa mtoto mdogo. Limetoka katika taipu ya ofisi likahamia kwako, na toka hapo umekiri kwamba umesoma na umefahamu. Basi kabla ya saini, mpe mtoto akusomee, au mwite mwakilishi wa chama, na kila penye "I" na "me" uliza, "Hapa nimesema nini? Hapa nafanywa nini?"

Katika madai ya pamoja, "we" ni kinga. Barua inayoanza "I request" ina mtu mmoja wa kuitwa ofisini peke yake. Barua inayoanza "We, the workers of this section, request" ina watu wote waliotia saini. Lakini barua iliyoanza kwa "we" imalizike kwa "we". Mwandishi akianza na "we" kisha katikati akateleza kuwa "I" na "my wages", msomaji ataona mtu mmoja amesimama mbele na wengine wamejificha nyuma yake. Iwe "our wages", "our safety", "reply to us".

Tena tuwe macho na "we" ya wengine. "We" ya Kiingereza, kama "sisi" ya Kiswahili, haisemi ni nani waliomo. Tangazo likibandikwa ukutani likisema "We have agreed to reduce overtime", tuulize, nani waliokubaliana? Kama wafanyakazi hawakuitwa katika kikao, basi hatumo katika "we" hiyo, na tuna haki ya kusema hivyo.

Namna ya kufundisha jioni

Mzazi anayetoka zamu amechoka. Hatumwombi afungue shule nyumbani. Dakika kumi zatosha, kwa utaratibu huu.

Siku ya kwanza, mzazi aseme neno moja la Kiswahili, kama "aliniona", na mtoto aseme kama "ni" iko mbele au nyuma ya alama ya wakati. Asitafsiri bado. Akizoea kusikia, siku ya pili ajibu "I" au "me" tu. Siku ya tatu atoe sentensi nzima. Mzazi asiyejua Kiingereza aweza kusimamia siku mbili za kwanza bila shida, kwa kuwa jibu lake liko katika Kiswahili. Ya tatu amwachie mtoto mkubwa au jirani aliyesoma.

Kwa wadogo, watumie gunzi la mahindi. Anayelirusha aseme "I throw", anayelidaka aseme "I catch", kisha wabadilishane. Aliyenyimwa gunzi aseme "Give it to me!" Mchezo huu hufundisha "I" na "me" bila ubao.

Jambo moja tunaonya. Pasiwe na mzazi atakayeacha kusema na mtoto Kiswahili au lugha ya kwao eti apate Kiingereza upesi. Mmekwisha ona kwamba kipimo chote cha somo hili kimejengwa juu ya lugha anayoijua mtoto. Wengi wetu tunakumbuka au tumesimuliwa habari za wanafunzi waliovalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Aibu ile haikuwafundisha "I" wala "me".

Zoezi

Mpe mtoto sentensi hizi azigeuze kwa Kiingereza. Za mwisho mbili azisahihishe.

1. Mwalimu aliniuliza.
2. Sikumjibu.
3. Nilipigwa.
4. Jembe hili ni langu.
5. Nilijikata.
6. Tulingoja, lakini hawakutuita.
7. Mama alituita mimi na Akello.
8. Me I am tired.
9. Am going to school.

Majibu: 1. The teacher asked me. 2. I did not answer him. 3. I was beaten. 4. This hoe is mine. 5. I cut myself. 6. We waited, but they did not call us. 7. Mother called Akello and me. 8. I am tired. 9. I am going to school.

Mtoto akikosa mojawapo, mrudishe kwenye Kiswahili aitafute "ni" au "tu" imekaa wapi. Katika la 4 atazame kama kitu kimetajwa baada ya neno la kumiliki, na katika la 5 atafute "ji". Akipata yote, naye amfundishe mdogo wake, na ukurasa huu uzungushwe kambini mlango kwa mlango ili wasioupata nao waupate.

Umoja ni nguvu.